Mpaka Aliouonyesha Mchimba Sandarusi

Mwinyimvua bin Mwinshehe alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe kupita zote: hakuweza kukaa mahali bila kuchokoa ardhi. Yuko harusini, kidole kiko mchangani. Yuko mazikoni, watu wameinama kimya wanangoja jeneza litoke, yeye kaokota kijiti na kuanza kuchimbua. Mkewe, Mwanabaraka, alikuwa akimfinya.

"Baba Mina, tumekuja kuzika, hatukuja kufukua."

Huacha kidogo, halafu mkono unarudi kule kule. Si kosa lake. Mtu aliyelelewa na jembe la sandarusi hawezi kuiona ardhi akaipita hivi hivi.

Wewe wa leo hujui sandarusi, na usione haya, maana hata wajukuu zake mwenyewe hawaijui. Ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Mti ukichubuka hutoa utomvu, utomvu huanguka, majani huufunika, udongo huufunika, nao hulala humo chini miaka isiyo na mtu wa kuihesabu, mpaka ugeuke jiwe jepesi la rangi ya asali. Wahindi wa Bagamoyo walilinunua, meli zikalichukua Ulaya, na huko, tuliambiwa, likayeyushwa likawa vanishi ya kung'arishia vinanda na meza za wakubwa. Kijiji cha Mkongoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Makurunge ukielekea bara, kiliishi kwa kazi hiyo tangu kabla Mjerumani hajatia mguu pwani. Mwingereza alipokuja aliikuta imeanza kuchoka, lakini bado ipo.

Mwinyimvua alianza kwenda kuchimba na baba yake akiwa na miaka minane. Waliondoka baada ya masika, ardhi ikiwa laini, na jembe fupi, kikapu cha ukindu, na muhogo wa kuchoma wa siku tatu. Hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote hakupata kusikia raha kama ile ya kuingia msitu wa Mkongoni asubuhi. Nje jua limeshatoka, ndani bado kuna giza la kijani. Ukungu wa baharini ulikuwa unapanda usiku na kukaa juu ya miti, na asubuhi miti inaudondosha tone tone, chini kunanyesha na huku mbingu nyeupe. Majani makavu yalirundikana hadi kwenye kifundo cha mguu, ukiyafunua chini yake ni unyevu na harufu ya uyoga. Sange walikuwa wanakimbia humo na pua zao ndefu wakifukuafukua wadudu. Juu mbega walikuwa wanarukaruka na makoti yao ya mvi, na hondohondo akipita mabawa yake yalisikika kama mtu anayepepeta mchele.

Huko ndiko baba yake, mzee Mwinshehe, alikomfundisha mambo mawili ya kazi. La kwanza, utomvu unaoukwangua kwenye gamba la mti si sandarusi, ni chakazi, haujaiva, Mhindi atakurudishia na matusi juu. La pili lilimshangaza mtoto. Siku hiyo walikuwa wametoka kabisa msituni, wako kwenye mbuga tupu ya nyasi, na baba yake anatoa mapande mazuri kuliko yote ya msimu ule.

"Baba, mti wake uko wapi?"

"Umekufa."

"Kisiki chake?"

"Kimeoza. Na mizizi imeoza, na msitu wote uliokuwa hapa umeoza, haukubakiza kitu ila hiki." Akalifuta pande lile kwa kanzu yake kuukuu, likaonekana lina sisimizi ndani, miguu yote sita. "Sandarusi bora ndiyo hii, ya msitu uliokufa zamani. Kwa hiyo mwanangu, popote utakapoiokota, hata pakiwa hapana jani, ujue umesimama msituni."

Mwinyimvua akalishika neno hilo, akakua nalo. Alipokuwa mtu mzima alikuwa anautembea ule ukanda wote, kutoka Mkongoni kushuka hadi karibu na mashamba ya Makurunge, na kichwani mwake kulikuwa na misitu miwili: huu uliosimama, ambao kila mwaka ulikuwa unaliwa na panga na moto, na ule mkubwa wa chini, ambao aliujua yeye na wachimbaji wenzake tu. Ule wa chini aliuonea fahari. Na fahari hiyo, jamani, ndiyo iliyompalia makaa.

Alimwoa Mwanabaraka binti Abdala mwaka ambao sandarusi ilishuka bei mara ya pili. Mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mkono wa kazi. Hakuja mikono mitupu. Mama yake, Mwanamvua, alikuwa amefyeka shamba kwenye bega la kilima, pale juu ya chemchemi, kwa panga lake mwenyewe, akiwa mjane na watoto wawili, na alipokuwa anakufa alimwachia binti. Muhogo wa shamba lile ulikuwa unavunjika kama biskuti. Watu walikuwa wanaomba mbegu zake. Mwanabaraka alilipenda shamba lile kuliko nyumba, na kama ungemuuliza mumewe, angekwambia kuliko mume pia.

Chini ya bega hilo ndiyo ilikuwa chemchemi ya kijiji. Mzee Mwinshehe alizoea kusema kwamba zamani haikukauka hata siku moja, kwa sababu msitu ulikuwa unakunywa masika yote na kuyatema pole pole hadi kiangazi kiishe. Lakini kila shamba jipya lilipofunguliwa huko juu, mvua ikawa inateleza tu na kukimbilia bondeni na udongo mwekundu, na kufikia miaka ya thelathini wanawake wa Mkongoni walikuwa wanakaa foleni mwezi wa tisa, wanachota kwa kifuu, kata moja moja. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Walisema ni mwaka mbaya, na uliofuata ukawa mbaya vile vile.

Basi mwaka wa thelathini na sita akaja Bwana Miti. Ndivyo alivyoitwa, jina lake la kizungu lilikuwa gumu. Alikuwa mtu wa serikali, mrefu, mwekundu, ana daftari na karani mmoja wa kutafsiri, na watu wawili wamebeba vigingi vilivyopakwa chokaa. Akamwambia jumbe, mkuu wa kijiji, kwamba serikali inataka kuuhifadhi msitu wa Mkongoni kabla haujaisha, kwa hiyo apatiwe mtu anayeujua vizuri, amzungushe kwenye ukingo wake. Jumbe hakufikiri mara mbili. Akamwita Mwinyimvua.

Lo, na Mwinyimvua alivyofurahi. Alivaa kanzu safi. Tangu sandarusi ife sokoni hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu. Vijana wote walikuwa wanakwenda kukata katani, na elimu yake ilikuwa inamwozea kichwani. Leo mzungu kaja kutoka mbali kumuuliza yeye. Walipofika ukingoni, pale miti ilipokoma na nyasi kuanza, Bwana Miti akafungua daftari. Mwinyimvua akacheka.

"Mwambie huu ni ukingo wa juzi tu," akamwambia karani. "Kama anataka msitu wenyewe, anifuate."

Akawaongoza siku mbili nzima. Kila walipofika mahali anachuchumaa, anachimba, anatoa kipande, anamkabidhi mzungu: hapa msitu ulifika, na hapa, na hapa. Mzungu alifurahi kama mtoto. Aliandika, aliuliza, alichora. Nyuma yao wale watu wawili walikuwa wanagonga vigingi, na Mwinyimvua aliviona, kwa nini asivione, lakini moyoni alijua ni alama za sandarusi, na akaona ni heshima kubwa kwamba hatimaye kuna mtu anaiandika kazi ya baba yake. Siku ya pili alasiri wakafika kwenye bega la kilima, shambani kwa Mwanabaraka. Mwenyewe alikuwa amekwenda Mlingotini kumwangalia binti yao Mina aliyejifungua. Mwinyimvua akaingia katikati ya matuta ya muhogo, akachimba mpaka kiunoni, akatoa pande kubwa kama ngumi, na ndani yake jani zima la msandarusi, na mishipa yake. Akampa Bwana Miti liwe zawadi. Na kigingi kikagongwa pale pale, nje kidogo ya tuta la mwisho.

Miezi minne baadaye tangazo likasomwa barazani kwa jumbe. Ndani ya vigingi ni msitu wa serikali. Jembe marufuku, panga marufuku, moto marufuku. Wenye mazao wavune msimu huo mmoja kisha watoke, watapewa ardhi nyingine huko chini kwenye mchanga. Mashamba sita yalikuwa ndani. Watu waligeuza shingo wote pamoja wakamtazama Mwinyimvua, naye akatamani ardhi aliyoichimba maisha yake yote immeze sasa hivi.

Alirudi nyumbani akijua atakuta vita. Hakukuta. Mwanabaraka alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya hadi kikapu kikaisha, akaosha kisu, akasema neno moja.

"Ungeniuliza."

Basi. Angemtukana, angevunja chungu, angerudi kwao, Mwinyimvua angejua la kufanya. Lakini alibaki, akapika, akamwekea maji ya kuoga, akamwita Baba Mina kama siku zote, na katikati yao pakawa na kitu kama ukuta wa makuti, unasikia kila kitu upande wa pili na huoni kitu. Msimu ule alivuna shamba la mama yake peke yake, hakutaka msaada wa mtu. Tangu hapo hakukanyaga tena upande ule wa kigingi.

Wanakijiji nao walikuwa na yao. Walimbandika jina, Bwana Mpaka. Akipita, mtu anamwita: "Bwana Mpaka, hebu njoo jikoni kwangu uangalie, nisije nikawa napikia msituni." Shemeji yake, Muhidini, kaka wa Mwanabaraka, hakutania. Alimpa kisogo miaka mitatu. Kila mwaka watu wa Mkongoni waliitwa kufyeka mstari wa mpaka, na kila mwaka Mwinyimvua alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, asiseme na mtu.

Ila macho alikuwa nayo. Na alichokiona kule ndani kilimfanya asijue kama alie au acheke. Mwaka wa kwanza shamba la Mwanabaraka lilikuwa magugu matupu na muhogo uliosahauliwa. Mwaka wa tatu likawa vichaka, huwezi kupita. Halafu mbegu zikaanza kuingia kutoka msitu mkubwa, hondohondo anakula tunda huku anadondosha kokwa kule, na kima, na upepo. Mwaka wa saba akaona mche wa kwanza wa msandarusi, una majani mawili mawili kama kwato za mbuzi, unakimbilia juu kutafuta jua. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na hajapata kuuona msitu ukienda mbele. Tangu azaliwe aliuona ukirudi nyuma tu. Alikaa chini ya mche ule akakumbuka mkono wa baba yake unavyofuta sandarusi kwa kanzu, na machozi yakamtoka waziwazi, mtu mzima. Angetamani kumwonyesha mtu. Mtu aliyetaka kumwonyesha alikuwa nyumbani, anatwanga, na hamuulizi ametoka wapi.

Chemchemi nayo ikaanza kubadilika. Kwanza mwezi wa tisa haukuwa na foleni. Kisha kifuu kikaachwa, watu wakawa wanatumbukiza ndoo. Ulipokuja ule mwaka wa ukame mkubwa, baada ya vita ya Hitla, visima vya vijiji vyote huko chini vilikauka, na watu wakapanda Mkongoni na mitungi kutoka mwendo wa nusu siku. Chemchemi iliwapa wote. Mwanabaraka alikuwa anachota hapo kila alfajiri, miaka yote hiyo, na siku hizo za ukame alikuwa anawasogezea wageni kata. Kuhusu maji hayo yanakotoka hakusema lolote, na Mwinyimvua hakuthubutu kuanza.

Ndipo mwaka wa hamsini na nne akaja Bwana Miti mwingine, kijana, anazungumza Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinaeleweka. Muhidini na wenzake walikuwa wamepeleka malalamiko Bagamoyo mara nyingi mpaka yakasikika. Kijana akasema barazani: nimesoma daftari la mwenzangu, naona palikuwa na kosa. Yeyote atakayenionyesha shamba lake la zamani lilipokuwa, nitang'oa kigingi nimrudishie.

Mashamba matano yalimalizika asubuhi moja. Yale yalikuwa bondeni, moto wa wapita njia ulikuwa unayaunguza kila kiangazi, na hayakuota zaidi ya nyasi. Vigingi vikang'olewa, watu wakashikana mikono, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minane mtu akamsalimu Mwinyimvua kwa jina alilopewa na baba yake. Likabaki moja, la kwenye bega.

Siku hiyo wakapanda watano: Bwana Miti, jumbe, Muhidini, Mwinyimvua na mkewe. Njiani Mwinyimvua alikuwa anauma midomo. Alijua bega lile likifyekwa litakuwaje. Miti ya pale sasa ilikuwa minene ya kukumbatiwa na mtu mmoja, na chini yake majani yalikuwa yameanza kulala kama ya zamani. Likifyekwa, misimu mitatu, minne, na wanawake watarudi kwenye kifuu. Alijua pia kwamba neno lake moja tu linatosha kuliokoa, aseme ndiyo, palikuwa msitu, nilisema kweli. Akamtazama Mwanabaraka aliyekuwa mbele yake, mabega yamepungua, nywele zimekuwa nyeupe chini ya kanga, akakata shauri. Msitu ulikwisha kula miaka kumi na minane ya ndoa yake. Haukuwa na haki ya kula iliyobaki.

Wakasimama kwenye kigingi. Bwana Miti akafungua daftari.

"Mzee, wewe ndiye shahidi wa zamani. Hapa palikuwa shamba au msitu?"

"Palikuwa shamba," Mwinyimvua akasema. "La mke wangu, aliachiwa na mama yake. Nililitoa mimi kwa ujinga na majivuno. Nilikosea."

Muhidini akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mwanabaraka hakugeuka.

"Haya, mama," kijana akasema, "ingia unionyeshe kona zake."

Akakipita kigingi. Mwinyimvua akamwona anakwenda pole pole, mkono mmoja umeshika kanga isinase miibani, anapita kati ya miti, anasimama. Akainama akafunua majani kwa vidole, akaweka kiganja chini, akakiacha hapo. Akainuka, akaenda mbele zaidi, hadi wakawa hawamwoni. Jumbe akatoa tumbaku yake. Mbega mmoja akalia juu huko na kunyamaza. Walingoja mpaka Muhidini akaanza kuita, ndipo akatokea upande wa chini, wa chemchemi, miguu yake imelowa.

"Si hapa," akasema.

Bwana Miti akamtazama. "Mumeo amesema ni hapa."

"Mume wangu ni mzee, bwana. Anachanganya. Hapa ni msitu tangu enzi za mama yangu."

"Dada," Muhidini akaanza. Mwanabaraka akamgeuzia macho tu, na Muhidini, na ndevu zake zote, akayameza yaliyobaki. Kijana aliwaangalia mmoja mmoja, akaona hakuna atakayesema zaidi, akaandika mstari mmoja, akafunga daftari. Kigingi kikabaki pale kilipokuwa.

Wale wengine walitangulia. Mwanabaraka na mumewe wakashuka nyuma yao, yeye mbele, mume nyuma.

"Mama Mina," Mwinyimvua akasema mwisho. "Mimi nilikuwa nimelirudisha."

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini?"

Akasimama, akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Lile shamba lilikuwa la mama yangu, kisha langu. Mwaka ule ulilitoa wewe, bila hata kuniuliza. Leo nimelitoa mimi, kwa ajili ya maji yale. Umeelewa? Si serikali, si wewe. Mimi. Na kuanzia leo, ukitaka kwenda kuzungukazunguka mle ndani kuangalia miche yako, unafikiri sijui, uniombe ruhusa."

Mwinyimvua hakucheka. Alivua kofia yake, pale pale katikati ya njia, akaomba ruhusa ya kuingia msituni kesho asubuhi, kwa adabu zote, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu. Mwanabaraka akaweka sawa kanga yake kichwani.

"Twende wote," akasema, na kuendelea kushuka.